Kikwembe Kilichopanda Ndege

Muhumba, Bukavu, 8 Oktoba 2023

Na mapazia, Yaya! Barua ya mwezi uliopita niliifunga nikasahau kukuambia mapazia. Ni ya rangi ya chungwa lililoiva. Chrispin aliyachagua mwenyewe sokoni Kadutu, mwanaume mzima, akishika kitambaa na kukiinua juani mbele ya watu, akisema, "Laurette, asubuhi jua likipita hapa, sura yako itakuwa dhahabu." Mama muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka ardhi inimeze, na wakati huohuo nilitaka soko lote liwe limesikia.

Lakini nianze vizuri, usije ukasema ndoa imeniondolea adabu. Jambo sana, Yaya wangu, dada yangu mkubwa Eulalie. Uko mzima? Wanafunzi wako wako wazima? Huku sote tuko salama. Mgongo wa baba yetu Papa Modeste umepoa, sasa anakwenda misa ya asubuhi kwa miguu. Maman Cibalonza anakusalimia na kuuliza kama zile dawa zilikufikia. Umeme unakuja na kwenda, ila sisi wapya hatulalamiki, giza nalo lina utamu wake. Usimsomee mtu mstari huo.

Sasa neno lenyewe. Unajua ofisi ya Chrispin inatengeneza vitabu vya shule. Wamempa kitabu cha watoto wa mwaka wa tano: nchi yetu, mito yake, wanyama wake, historia yake. Lazima amalize kabla ya Pasaka. Mkuu wake asiporidhika, kazi itapewa bwana mmoja wa Kinshasa, na Chrispin atarudi kusahihisha nukta na mikato ya wengine. Kila jioni baada ya kula ananisomea alichoandika: "Kongo ni nchi ya pili kwa ukubwa barani Afrika, inapakana na nchi tisa." Yaya, nampenda mume wangu kuliko pumzi, lakini juzi nilisinzia kwenye nchi ya sita.

Na kuna msichana anayechora picha za kitabu hicho. Anaitwa Charlène. Sina shida naye. Ana vidole virefu. Anamwita mume wangu "Chris". Mimi niliyeapa naye kanisani sijawahi kumwita Chris. Juma lililopita Chrispin alikaa mezani kwangu, mbele ya sombe ya majani ya muhogo niliyoitwanga mimi, akasema, "Charlène anasema mtoto anataka kuuona mto, hataki kuusoma." Charlène anasema!

Ndipo nikakumbuka kwamba nina dada mwalimu ambaye darasani kwake hakuna anayesinzia. Niandikie, Yaya, jinsi unavyowafundisha watoto nchi hii. Nitampa kwa mkono wangu. Nataka kesho yake aende ofisini aseme, "Laurette anasema."

Usipige simu. Ninajua ili upate réseau lazima upande kile kilima cha parokia, na Shabunda nzima inakaa pale inasikiliza.

Kiti chako cha mbele kanisani kilikaa wazi siku ya arusi. Ulisema ndege haikuja. Basi, sikuulizi.

Mudogo wako, Madame (!) Laurette


Shabunda, 29 Oktoba 2023

Mudogo wangu Laurette,

Jambo kwako na kwa mume wako. Mimi ni mzima. Mvua imeanza kwa nguvu, bati la darasa langu linavuja juu ya meza ya mwalimu tu, kwa hiyo watoto wanaona Mungu yuko upande wao. Dawa za Maman zilifika. Mwambie Papa asitembee haraka.

Mapazia nimeyasikia. Kuhusu huyo Charlène sina la kusema, simjui.

Umeuliza juu ya mto. Mimi siufundishi ndani. Ninawatoa watoto uwanjani na kuchora mstari mrefu wa majivu, huo ndio ikweta. Kisha wanashikana mikono na kuwa Mto Kongo. Wa kwanza anasimama kusini kabisa, karibu na jiko, hapo ni Katanga. Anatembea kwenda kaskazini akivuta wengine, na huko juu jina lake ni Lualaba, lazima alipige kelele. Anaruka majivu. Anapinda kuelekea magharibi. Anashuka, anaruka majivu tena, kwa sababu mto wetu unakata ikweta mara mbili, na ndiyo maana haukauki: mvua ikikosa upande mmoja inanyesha upande wa pili. Mwisho wake ni bahari. Bahari yetu ni choo cha walimu, upande ule hakuna kitu kingine.

Mwaka huu nina mtoto anaitwa Mapendo, mama yake ni wa Bukavu. Akakataa kuwa Lualaba. Anataka kuwa Ziwa Kivu, la sivyo analia. Nikamwambia, "Haya, lakini Kivu ina safari." Nikamzungusha: atoke kwa Ruzizi aende kusini, aingie Tanganyika, atokee Lukuga, ndipo aupate mto mkubwa. Alizunguka shule nzima akikimbia. Wakati huo Ulindi wetu, mto wa hapa Shabunda, mtoto mnene anayeitwa Aloys, alishatembea hatua chache tu akafika Lualaba na kukaa.

Mapendo alipofika anahema, aliuliza, "Madame, mbona sisi ya Bukavu tunazunguka hivi?"

"Kwa sababu milima imewafungia njia."

Aloys akasema, "Watu ya Bukavu wanapendaga kujionyesha. Wanapitia kwa kila mutu kwanza."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Mapendo alimpiga kofi mgongoni, kisha akamshika mkono, maana mto ulikuwa bado haujafika baharini.

Mpe mume wako hiyo. Ikimfaa, vizuri.

Ninawahi kumpa barua hii mama anayeondoka na ndege ya kesho.

Eulalie


Muhumba, Bukavu, 19 Novemba 2023

Yaya, Yaya, Yaya!

Tuko wazima, Papa mzima, Maman mzima, kuku wa jirani tu ndiye aliyekufa, na tumeshamsamehe kwa kelele zake. Uko vipi wewe? Bati limezibwa?

Lazima nikueleze. Nilimpa Chrispin barua yako akiwa anakula. Alisoma mstari wa kwanza ameketi, wa pili amesimama, na kwenye choo cha walimu alikuwa anacheka huku ameshika kijiko kama mchungaji anayeshika msalaba. Akasukuma viti vyote vya salon. Akanifanya mimi kuwa Ruzizi! Nilipita nyuma ya kabati, chini ya mapazia, nikatokea jikoni, na huko Lualaba alikuwa ananingoja mikono wazi. Ah, Yaya. Kuna wanawake wameolewa na mawaziri, hawajawahi kupokelewa hivyo.

Kesho yake nilipeleka chakula ofisini. Kwa makusudi, ndiyo. Nilifika akiwasomea. Charlène alikuwa ameweka kalamu chini. Kisha akasema atachora watoto walioshikana mikono kwenye kurasa mbili nzima, na akaniangalia, akaniambia, "Madame, dada yako ni wa ajabu." Nilishinda, Yaya. Nilirudi Muhumba nikitembea kama niliyepewa medali.

Sasa anakuita "bibi yangu mukubwa", kana kwamba mimi ni mke wa pili. Nilicheka. Shemeji wote hutania hivyo na ni desturi, ninajua. Nilicheka mara ya kwanza na ya pili.

Ila sasa ni wewe kila mahali. Nikisema mvua itanyesha, ananiambia, "Umeona? Ndicho alichosema Eulalie, ikikosa huku inanyesha kule." Barua yako anaiweka katika mfuko wa shati, upande wa kushoto. Zile nilizomwandikia mimi wakati wa uchumba ziko kwenye boksi la viatu. Jana aliniuliza ulisoma wapi, unapenda kula nini, na kwa nini hujaolewa. Nilimjibu, "Mpelekee Mungu hilo swali, mimi nimeshaolewa."

Anaomba sasa wanyama. Andika, Yaya wangu, yeye ananisumbua kila siku. Lakini andika kwangu, jina langu liwe juu ya bahasha. Na uandike kidogo tu. Usiandike vizuri sana.

Laurette wako


Shabunda, 17 Desemba 2023

Mudogo wangu,

Noeli njema kwenu nyote. Mimi ni mzima. Watoto wanafanya mazoezi ya nyimbo, na malaika wangu wawili wana surua, kwa hiyo mwaka huu Bikira Maria atapashwa habari na malaika mmoja tu. Mwambie Maman nimepata mafuta ya mawese mazuri, nitamtumia nikipata mtu wa kuaminika.

Umesema niandike kidogo. Nitajaribu.

Sianzi na tembo wala simba. Hao hata mtoto wa Ulaya anawajua. Naanza na walio kwetu tu. Okapi kwanza. Ana miguu yenye mistari kama ya punda milia, lakini ni ndugu wa twiga aliyebaki msituni. Duniani kote hana kwao kwingine ila misitu ya Kongo. Ulimi wake ni mrefu hata anajisafisha sikio kwa ulimi. Nikisema hivyo, watoto wote wanajaribu. Ninawaacha wajaribu mpaka wachoke. Mtoto aliyeshindwa kulamba sikio lake hawezi tena kumsahau okapi.

Kisha tausi wa Kongo, ndege wa misitu hii yetu. Dume ana rangi ya bluu na kijani, na kishungi cheupe kichwani. Wazungu walimtambua juzijuzi tu, wazee wetu walikuwa wanamjua siku zote. Nilipofika hapo Aloys aliinua mkono.

"Madame, Papa alimukula."

Mapendo akauliza, "Alikuwa na utamu gani?"

"Ya kuku."

Nikawaambia: basi fikirini. Mtu amekula ndege ambaye hayuko popote pengine duniani, akasikia ladha ya kuku tu, na kuku anao nyumbani. Hawakucheka. Aloys alisema atamwambia baba yake. Sijui kama amemwambia.

Mwisho ni sokwe mkubwa wa milima ya Kahuzi, jirani yenu. Kila jioni anajitengenezea kitanda kipya cha majani, na asubuhi anakiacha. Analala vizuri bila mapazia.

Mwambie shemeji kikwembe kimefika, pamoja na chaki na barua yake. Hakikulowa.

Eulalie


Muhumba, Bukavu, 7 Januari 2024

Yaya Eulalie,

Heri ya mwaka mpya. Sisi wazima. Papa mzima. Maman mzima.

Kikwembe gani?

Kina rangi gani? Ni nusu au pièce nzima? Kina maua au ndege? Tangu tufunge ndoa amenipa mimi kitenge kimoja, chenye maua madogo, nilikivaa Noeli na kila mtu alikisifu. Chako je, kina maua makubwa? Na barua yake ina kurasa ngapi? Ameandika lini, akiwa wapi, maana hapa nyumbani sijamwona akiandika kitu ambacho hakuninong'oneza mimi kwanza. Na kwa nini umekitaja mwishoni, chini kabisa, kama mtu anayetaja chumvi?

Sijamuuliza yeye. Nikimuuliza atajibu, na sijajua kama ninataka jibu. Nimenuna tu. Anafikiri ni malaria, ananiletea chai ya ndimu na kunishika paji la uso. Ni mpole hivyo! Ndicho kinachoniumiza zaidi, kwamba hata nikimchukia dakika moja, dakika ya pili mkono wake uko kwenye paji langu.

Barua yako ya wanyama sikumpa. Iko chini ya godoro, upande wangu. Nilimwambia ndege hazijaleta kitu, na kwa kuwa alikuwa anangoja, nikakaa nikaandika wanyama mimi mwenyewe. Kwani mimi sikumaliza sekondari? Niliandika ukurasa mzuri, Yaya, wenye mapenzi. Niliweka mnyama mmoja mkubwa mwenye mistari anayetembea msituni kimyakimya kama bwana arusi. Chrispin aliusoma hadi mwisho, akanivuta karibu, akaniambia taratibu, "Chérie, huyu iko ya India."

Simbamarara! Kongo haina hata mmoja. Na Charlène, niliyekuwa nimempa nakala mapema, alikuwa ameshamchora, mkubwa, mzuri, amesimama juu ya Mlima Kahuzi. Nilikwenda ofisini kuomba msamaha. Charlène akaangalia ile picha, akasema, "Mimi pia sikujua, Madame. Nilimupatia hata jina." Tulianza kucheka, tukashindwa kuacha, mpaka Chrispin akafungua mlango kuona nani analia. Anamwita Chris kwa sababu kaka yake aliyefariki aliitwa Christian na ulimi wake umezoea. Ni msichana mzuri. Hapo, katikati ya kicheko, niliutafuta wivu wangu juu yake nikaukosa. Ulikuwa umehama.

Ni wewe ninayekuonea wivu. Wewe, Yaya, tumbo moja na mimi. Pasaka inakaribia, mkuu wake ameuliza mara mbili sura ya wanyama iko wapi, na mimi ninailalia kila siku kwa sababu imeandikwa na mkono ambao mume wangu ameuandikia.

Usiniandikie mito tena. Niandikie kikwembe.

Laurette


Shabunda, 18 Februari 2024

Mudogo wangu Laurette,

Jambo kwako. Jambo kwa Papa na mgongo wake. Jambo kwa Maman. Jambo kwa mume wako. Jambo kwa huyo Charlène na simbamarara wake. Mimi ni mzima.

Ndege zimekuja mara tatu tangu nipate barua yako. Ni mimi ambaye sikuandika.

Umeuliza rangi. Ni kijani, kina samaki. Pièce nzima. Barua ya shemeji ina mistari minne, nakunakilia: "Yaya, mama yangu amenieleza baada ya arusi. Nilipita mlangoni kwako bila kugonga. Pokea hiki. Laurette hajui, naomba usimwambie, ataumia." Ni hayo tu. Hakuna maua makubwa wala madogo.

Wewe hujui kwa sababu ulikulia Bukavu. Mimi nililelewa na nyanya yetu kule kijijini Luhwindja mpaka nilipomaliza shule. Nyumbani kwa nyanya, mudogo akitaka kuolewa kabla ya mukubwa, hazuiwi. Lakini siku ya mahari, kabla mtu hajanywa kinywaji cha kwanza, bwana arusi analeta kikwembe, na mudogo mwenyewe anamfunga mukubwa wake kiunoni kwa mikono yake. Anasema, "Yaya, nipishe." Mukubwa anajibu, "Pita." Halafu yeye ndiye anayetangulia kucheza, anamtoa bibi arusi nyumbani, na hakuna mdomo utakaomuuliza, "Na wewe lini?" Kwa sababu ameshikilia mlango mwenyewe. Bila hivyo, anakaa arusini kama kiti kilichosahauliwa na wageni wa jana.

Mwezi wa saba wote nilingoja neno kutoka kwenu. Papa alituma kuniambia salle ya sherehe imelipiwa. Maman alituma kuniambia rangi ya nguo. Nilipouliza kwa upole juu ya jambo hili, Maman alijibu kwamba hayo ni ya kijijini na watu wa Muhumba watatucheka. Basi. Kuhusu ndege sitaandika.

Shemeji amefanya vizuri na nimemheshimu. Lakini sijakishona. Kikija kwa mkono wa mwanaume, ndani ya mfuko, kati ya chaki na sabuni za watu, ni kitambaa tu.

Unasema unanionea wivu. Barua yako ya mapazia niliisoma, nikaenda darasani, nikawafokea watoto wa watu kwa makosa ambayo hawakufanya. Ninakaa chumba kimoja nyuma ya shule. Asubuhi jua likiingia linapata sufuria. Wewe una mtu anayekuinulia kitambaa juani. Mimi nina mito, na ulitaka niipime kwa kijiko, nisiandike vizuri sana.

Juma hili tulikuwa kwenye historia. Niliwaeleza wakati nchi hii nzima, misitu na watu, ilipoandikwa kuwa mali ya mfalme mmoja wa ng'ambo, na jinsi mababu walivyolazimishwa kutafuta mpira msituni, na asiyefikisha akaadhibiwa vikali. Watoto wakubwa waliniuliza habari za adhabu. Niliwajibu kweli, kwa maneno ambayo watoto wanaweza kubeba kwenda nayo nyumbani. Mapendo aliuliza kitu kingine.

"Huyo mufalme alikuwa anakaa wapi hapa?"

"Hakukaa hapa. Hakuwahi kufika."

"Hata siku moja? Hata kutembea?"

"Hata siku moja."

Alifikiri sana. Akasema, "Sasa alikuwa anaipendea nini?"

Tuliimba ule wimbo wa uhuru, wa mwaka sitini, tukatoka.

Mpe shemeji hiyo. Mtolee na ile ya wanyama chini ya godoro. Watoto watakaosoma kitabu hawana kosa katika yaliyo kati yako na mimi.

Eulalie


Muhumba, Bukavu, 3 Machi 2024

Yaya wangu,

Jambo. Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila mara ninaanza na Papa ili nisifike kwangu. Papa mzima.

Barua yako niliisoma jikoni nikiwa nimesimama. Kisha nilishuka kwa Maman bila kubadilisha hata viatu vya nyumbani. Alikuwa anachambua sambaza. Nikamuuliza, "Maman, Yaya aliuliza juu ya kikwembe, ukamwambia watu watacheka?" Aliendelea na samaki wake. Mwishowe akasema, "Mimi nilikuwa mudogo pia. Nilimufunga Yaya yangu. Nilisahau uchungu anaosikiaga mutu anayengoja." Sijawahi kumwona Maman akiosha mikono muda mrefu vile.

Jioni nilimpa Chrispin barua zote, ya okapi na ya mfalme. Nilimwambia zilikuwa wapi. Hakukasirika. Alizisoma, akacheka kwenye ladha ya kuku, na alipofika kwa Mapendo alivua miwani. Nikamwambia ninajua habari ya kikwembe. Akasema, "Nilitaka kukuficha maumivu." Nikamwambia, "Umenificha dada." Hayo ndiyo maneno makali pekee tuliyowahi kusemezana, Yaya, na baada yake tulikaa tumeshikana mikono mpaka chai ikapoa. Usikasirike nikikuambia kwamba hata kugombana naye ni kuzuri.

Kitabu kimepita. Mkuu alisoma sura ya wanyama akiwa peke yake ofisini, na Charlène anaapa kwamba alimwona kupitia dirishani akitoa ulimi na kujaribu sikio. Bwana wa Kinshasa hatajwi tena. Simbamarara ametolewa, Charlène amemtundika nyumbani kwake. Na Chrispin anataka jina lako liwe juu ya kitabu, pamoja na lake. Jina lako na la mume wangu, yamekaa bega kwa bega, watoto wa nchi nzima wakiyasoma. Aliniuliza kama ninakubali. Nilikwenda kukunja mapazia. Niliyakunja yote, nikayakunjua. Kisha nikarudi nikasema ndiyo.

Sitakuambia wivu umekwisha. Upo. Asubuhi ninauamsha pamoja na chai. Lakini ninakutaka wewe kuliko ninavyoutaka huo wivu.

Usikishone hicho kikwembe, na usikitumie huku. Ninakuja mimi. Sijawahi kupanda ndege, na Maman ameshaanza rozari, lakini nimeandikisha jina langu pale uwanja wa ndege wa Kavumu na nitafika kabla mwezi huu haujaisha, kabla ya Pasaka. Kukifunga sijui, utanionyesha, na nikikifunga vibaya utanifungulia nirudie. Najua nimechelewa. Nilishapita, mlango nikauacha wazi na baridi ikakuingilia. Hata hivyo nitapiga magoti hapo uwanjani, mbele ya Mapendo na Aloys na yeyote anayetaka kucheka, niseme lile neno. Kama hutaki kunijibu siku hiyo, nitalala, nitalisema kesho yake.

Chrispin alitaka kuja pia, ili hatimaye aone uso wa bibi yake mukubwa. Nimemwambia ndege imebaki na kiti kimoja tu.

Vilikuwa vinne.

Mudogo wako, Laurette